Kaseti ya malaria na simu ya kuisoma: kipi kinafaa zahanati za Tabora

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta takribani asilimia 23 ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Tabora wana vimelea vya malaria, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Kwa hiyo kipimo cha haraka cha malaria, mRDT, yaani kaseti ndogo inayowekwa tone la damu, ndicho kinachoamua kwenye zahanati nani apewe dawa mseto na nani atafutiwe chanzo kingine cha homa. Siku hizi zipo pia programu za simu zinazopiga picha kaseti na kutoa jibu kwa akili mnemba. Hapa tunavipima vyote viwili. Kwa kifupi, kaseti ni bora kuliko inavyosemwa vijiweni, na programu ina manufaa, ila si yale yanayotangazwa.

Ule mstari mwekundu ni dhahabu. Ni chembe zenye ukubwa wa makumi ya nanomita (nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita), na kwa udogo huo dhahabu huonekana nyekundu, haionekani ya manjano. Chembe hizo zimebandikwa kingamwili zinazonasa HRP2, protini inayotolewa na kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum. Bafa, kimiminika cha kwenye kichupa, inaisukuma damu kwenye utepe. Chembe zilizokamata HRP2 zinakwama kwenye T, mstari wa kipimo, zilizobaki zinaendelea hadi C, mstari wa uhakiki. Hakuna betri wala lenzi, na friji haihitajiki. Kwa teknolojia ya nano inayobebwa kwenye bodaboda hadi kijijini, hilo si jambo dogo.

Lakini C inaeleweka vibaya mno. Mstari huo unathibitisha kwamba bafa ilipita na kingamwili bado zinafanya kazi. Hausemi kama damu iliwekwa. Kaseti iliyotiwa bafa peke yake itachora C safi kabisa, na kwenye kitabu cha MTUHA, rejesta ya takwimu za kituo, itaandikwa hasi.

Makosa mengine huanzia kwenye tone. Kinachotakiwa ni mikrolita 5 tu, zile za kifyonzeo kilichomo kwenye boksi. Acha spiriti ikauke kidoleni kabla ya kuchoma, la sivyo damu itachanganyika nayo na kutambaa badala ya kusimama tone. Damu ikizidi, utepe wote unakuwa mwekundu na mstari hafifu unafichwa. Ikipungua, mgonjwa mwenye vimelea vichache hatambuliki. Chupa ya bafa ishikwe wima, maana ikilazwa inatoa matone madogo yenye mapovu. Idadi ya matone inatofautiana kwa aina ya kaseti: nyingine 2, nyingine 4. Bafa ya boksi moja isitumike kwenye kaseti ya boksi jingine hata kama chupa zinafanana. Hili hutokea sana pale bafa inapoisha kabla ya kaseti.

Kisha saa. Aina nyingi husomwa kati ya dakika 15 na 20, na muda wa mwisho umeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Ukiwahi, mstari hafifu haujatokea. Ukichelewa, utepe unakauka na kuweza kuonyesha mstari usiokuwepo. Andika jina na saa juu ya kaseti kabla ya kuweka bafa, hasa msimu wa mvua foleni inapofika uani. T ikiwa hafifu lakini inaonekana, ni chanya. Hakuna nusu chanya.

Udhaifu mmoja ni wa kipimo chenyewe: HRP2 hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mgonjwa aliyemaliza dawa juzijuzi na homa ikarudi asipimwe kwa kaseti ya HRP2. Huyo ni wa hadubini. Na boksi lisikae juu ya kabati chini ya bati. Aina nyingine zinavumilia nyuzi 40, nyingine zinaishia 30, na joto la Oktoba huku halina huruma.

Sasa programu. Inasoma picha tu. Kama damu ilikuwa kidogo, bafa ni ya boksi jingine au picha imepigwa baada ya saa nzima, akili mnemba itasoma kwa ustadi jibu ambalo tayari limeharibika. Nyingi zimefundishwa kwa aina maalumu za kaseti. Bohari ya Dawa ikileta aina nyingine, usitegemee jibu lake. Kivuli cha mkono, jua kali la mlangoni na lenzi yenye vumbi vinaisumbua zaidi kuliko vinavyomsumbua muuguzi mzoefu.

Inapong'ara ni kwenye usimamizi. Picha inabaki. Mganga mfawidhi au msimamizi wa wilaya anaweza kufungua picha za wiki nzima na kuona nani anaweka damu nyingi, nani anaandika hasi penye T hafifu, na kama namba za MTUHA zinaoana na kaseti zilizotumika. Programu zinazohesabu dakika na kukataa kusoma mapema zina thamani hiyo pia. Hali ni tofauti kwa picha za eksirei za kifua: huko Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba kompyuta inaweza kusoma badala ya binadamu katika uchunguzi wa awali wa kifua kikuu, kwa watu wa miaka 15 na zaidi, kwa kuwa wasomaji wa eksirei ni haba. Kaseti haina uhaba huo. Mhudumu aliyefundishwa anaisoma kwa macho.

Kwa zahanati yenye mhudumu mmoja au wawili wazoefu, saa ya ukutani, taa nzuri na glovu za kutosha ndizo zinunuliwe kwanza. Kwa halmashauri yenye wahudumu wengi wapya wa ngazi ya jamii, programu inafaa, mradi muuzaji ajibu maswali matatu kwa maandishi: inasoma kaseti za aina gani, inafanya kazi bila intaneti, na picha zenye majina ya wagonjwa zinahifadhiwa wapi.