TAHADHARI: Jamaa anayeuza seti za boba (madigadi ya nyuma na siti ya springi) hapa Arusha

Wadau wa pikipiki Arusha na Moshi, kuna jamaa anazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp akitangaza seti ya kugeuza Boxer, TVS au Honda CG kuwa boba, yaani pikipiki iliyovuliwa vitu vingi, inakaa chini na ina siti ya mtu mmoja. Unapewa madigadi ya nyuma ya duara, siti ya mtu mmoja yenye springi mbili, na ufundi juu yake. Bei 280,000, nusu unatuma kwanza kama kishika uchumba. Anasema vyuma vimetoka Thailand. Mdogo wangu amelizwa. Mimi kazi yangu ni kuchomelea, kwa hiyo pikipiki ilipofika kwangu niliifungua nyuma yote, na ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho na kuyashika kwa mkono.

Madigadi kwanza. Nilikwangua rangi kwa ncha ya kisu ikatoka puti ya kijivu (ile ya kujazia mabonde kwenye bodi), puti tupu, halafu chini yake bati la kuezekea, geji 28, ambalo halifiki hata nusu milimita. Madigadi inayobeba taa na namba, huku injini inaitikisa kutwa nzima, inataka chuma cha milimita moja na nusu kwenda mbili. Hii ilishaanza kuchanika kwenye matundu ya bolti. Ukienda kukagua ya kwako beba sumaku ndogo: penye puti nene inashika kwa unyonge au haishiki kabisa.

Bolti zenyewe ndizo zilizonitia hasira. Zimepitishwa kutoka nje, nati ikawa ndani, ncha ikaachwa ndefu inaelekea tairi. Inatakiwa kinyume chake, kichwa bapa kikae ndani na nati ibaki nje. Tairi la mdogo wangu lilikuwa limechongwa mfereji gurudumu zima, na kwenye sehemu moja nyuzi zilishaonekana. Dogo huyu anaendesha barabara ya Moshi kila wiki, kati ya malori na mabasi. Tairi la nyuma likipasuka pale Usa River ukiwa kwenye mwendo, sina haja ya kueleza kinachofuata.

Watu wengi hawaambiwi jambo moja kuhusu mtindo huu. Boba zilianza Marekani kwenye miaka ya 1930 na 1940, na pikipiki nyingi za wakati ule hazikuwa na shokapu nyuma kabisa. Gurudumu lilifungwa moja kwa moja kwenye fremu, ndiyo maana siti ikawekewa springi, na ndiyo maana madigadi iliweza kulala karibu sana na tairi. Boxer yako ina shokapu. Gurudumu linapanda na kushuka kwa sentimita kadhaa kila ukipita tuta, na ukibeba mzigo linapanda zaidi. Sasa huyu bwana anaifunga madigadi kwenye fremu, anaacha nafasi ya vidole viwili tu ili picha ipendeze, kisha anakubadilishia shokapu fupi ili pikipiki ikae chini. Yaani nafasi ilikuwa ndogo, na yeye akaipunguza tena. Kupima si kazi kubwa: fungua shokapu zote mbili upande wa chini, inua gurudumu kwa mkono mpaka kimo ambacho lingefika shokapu ikibonyea yote, uone kama linagusa. Fundi akikataa kukuonyesha hilo kabla ya kupaka rangi, ondoka na pikipiki yako.

Springi za siti ni za tandiko la baiskeli kuukuu, zimepakwa rangi ya fedha. Tena amezichomelea kwenye fremu. Chuma cha springi ukikichomelea kinakuwa kikavu pale pale kilipopata moto, na ndipo kinapokatika. Springi ya siti inafungwa kwa bolti, juu na chini, na mbele siti inakaa kwenye bawaba yenye pini nzima. Kwa mdogo wangu springi ya kushoto ilikatika akiwa Kisongo na siti ikalala upande. Alishukuru Mungu alikuwa anaenda polepole.

Wakati wa kuchomelea hakufungua hata betri. CDI, kile kifaa cha umeme kinachoongoza cheche za plagi, imeungua. Waya wa taa ya nyuma umepitishwa chini ya madigadi bila mpira, tairi likausaga, taa ikazima.

Sasa mjue faida yake iko wapi, maana kwa 280,000 utajiuliza anapata nini. Anakula kwenye vitu vyako. Siti ya asili, madigadi, keria, taa, shokapu nzima, vyote vinabaki kwake. Ukiulizia anakujibu ni takataka, amevitupa. Hajavitupa, anaviuza kama vifaa halisi vilivyotumika, na shokapu nzima za Boxer hazikai sokoni. Na mkia wa fremu ameshaukata kwa grenda, kwa hiyo hata ukivipata huwezi kuvirudisha bila kuchomelea upya. Mdogo wangu hakuambiwa kwamba fremu itakatwa. Hilo linaniuma kuliko hela.

Hana duka. Leo anakuelekeza Sakina, kesho Kwa Mrombo. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) hatoi. Ukituma hela, jina linalotokea kwenye simu silo analojitambulisha nalo, na ukianza kulalamika anakublok. Kuna wengine kwenye kundi letu walituma kishika uchumba tu, akaingia mitini bila hata kuigusa pikipiki.

Kwa wenye bodaboda nasisitiza: siti ya mtu mmoja maana yake huna pa kuweka abiria, na namba yako ya MC isiposomeka au taa ya nyuma isipowaka, trafiki hawana mjadala na wewe.

Waliopigwa, tunzeni ujumbe wa miamala na picha za pikipiki kabla na baada, mkachukue RB (namba ya taarifa yako) polisi. Sisi tumeshachukua ya kwetu, na malalamiko yakiwa mengi juu ya namba moja inakuwa vigumu kuyaweka pembeni. Ujumbe wake wa kudai hela mtume 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Na wewe uliyekwishatuma kishika uchumba lakini pikipiki bado unayo nyumbani, usiipeleke. Bora hiyo nusu ipotee kuliko fremu ikatwe.