Mkahawa wa Kiitaliano Malindi: upi wa kwanza, upi wa mwisho

Malindi haikosi spageti. Waitaliano walijenga kituo cha kurushia setilaiti huko Ngomeni, na tangu waliporusha ya kwanza kutoka hapo mwaka 1967 mji umezidi kujaa vibao vyao. Mikahawa ipo tele, ila inayojua kupika si yote. Kabla ya kitu chochote, uliza kama wanafungua mwezi wa Juni. Mkahawa unaouza wakati wa mvua, watalii wamekwenda zao, unaishi kwa wateja wa mji. Unaofungua msimu wa kaskazi tu unategemea wageni wa wiki moja, na hao hata wakilishwa vibaya hawarudi kulalamika.

Nafasi ya kwanza naipa mikahawa midogo yenye menyu fupi, mara nyingi imeandikwa kwa chaki. Muulize weita leo kuna samaki gani. Akienda jikoni kuuliza, kaa. Akijibu "wote wapo", chunga. Agiza chakula chepesi kuliko vyote: spageti ya kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na pilipili. Hapo hakuna sosi ya kufichia makosa. Ikiletwa kwa dakika tatu, ujue ilichemshwa asubuhi. Sisi tuliolelewa kwa tambi za sukari tutaiona haijaiva, lakini ndivyo inavyotakiwa, ikaze kidogo kwenye jino. Wala usitafute Mzungu jikoni. Wapishi wengi hodari hapa ni Wagiriama waliokaa miaka kwenye majiko ya Waitaliano, na tambi zao za kaa hazina mfano.

Ya pili ni pizza ya tanuri la kuni. Inua kipande utazame chini: kuwe na madoa meusi, ukingo umefura, katikati laini. Ya Napoli, mji wa Italia, huiva kwa dakika moja na nusu hivi, kwa hivyo tanuri lazima liwe la moto kwelikweli. Wengi hawaliwashi mchana, nenda jioni.

Gelato, aiskrimu ya Kiitaliano, ni ya tatu, na kwa mfuko mwembamba ndiyo nafuu. Ya pistachio (aina ya njugu) ikiwa kijani cha kung'aa, hiyo ni rangi. Ukisikia chengachenga za barafu mdomoni, iliyeyuka umeme ulipopotea ikagandishwa tena.

Bafe za hoteli za ufuoni naziweka mwisho. Unalipia bahari.

Kwa Muislamu kuna jambo zito zaidi ya ladha. Carbonara, tambi za mayai na jibini, nyama yake ya asili ni shavu la nguruwe, na hapa huwekwa bekoni. Sosi ya nyama ya kusaga huweza kuchanganywa na nguruwe. Risoto (wali wa Kiitaliano) na chaza hutiwa mvinyo, na tiramisu, kitindamlo cha kahawa, mara nyingi ina pombe. Kusema "sitaki nguruwe" hakutoshi, taja na mvinyo, tena uulize kama kisu cha kukatia pizza ni kimoja kwa zote. Mkahawa mzuri haukasiriki kwa maswali haya.

Kwenye bei, hakikisha VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 zimo ndani. Kambakoche huuzwa kwa uzito: apimwe mbele yako, utajiwe bei yake, ndipo aingie jikoni.