Melancholia and Moralism: Douglas Crimp na Haki ya Kulia

Wapenzi wa sanaa ya kisasa wanamfahamu Douglas Crimp, mhakiki wa Marekani aliyefariki mwaka 2019, kwa maonyesho ya Pictures aliyoyaandaa New York mwaka 1977. Kwangu mimi, uzito wake umo katika Melancholia and Moralism, mkusanyiko wa insha zake kuhusu Ukimwi na siasa za kwia (queer, yaani za mashoga na wengine wasiofuata kaida za jinsia na mapenzi) uliotolewa na MIT Press mwaka 2002.

Insha ya mwaka 1989 kuhusu maombolezo ndiyo moyo wa kitabu. Wanaharakati wenzake wa Ukimwi, waliokuwa wakizika marafiki mmoja baada ya mwingine, walihimizana waache kulia waingie barabarani; Crimp, akimtumia Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, anawajibu kwamba harakati na kilio vinahitajiana, kwa kuwa huzuni iliyozibwa humgeukia mwenyewe. Anatoa ushahidi wa mwili wake: baba yake alipofariki mwaka 1977 hakumlilia, kisha aliporudi New York akaota jipu kwenye mfereji wa machozi, likapasuka na usaha ukamtiririka shavuni. Hapa Mtwara, ambako matanga hukaliwa na hitima husomwa, hoja hiyo ingeeleweka hata bila Freud. Kinachochoma ni kusoma habari za wafiwa walionyimwa hata ruhusa ya kusema wanamlilia nani.

Insha ya pili kwa ubora inahusu picha za wagonjwa zilizopigwa na Nicholas Nixon na kuonyeshwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York mwaka 1988. Wanaharakati wa ACT UP, kundi la Marekani la kupambana na Ukimwi, walizipinga humo humo ukumbini kwa sababu ziliwaonyesha watu wapweke wanaosubiri kufa. Crimp hadai picha za furaha: anauliza mtazamaji anapata nini kwa kumwona mgonjwa amekondeana, kisha anaisifu video ya Stashu Kybartas iitwayo Danny, ambamo mpiga video anaonyesha wazi kwamba alimtamani mgonjwa anayemrekodi. Anayekumbuka picha za kutisha tulizoonywa nazo kuhusu Ukimwi atasoma kurasa hizi polepole.

Mabishano yake na Andrew Sullivan, mwandishi shoga mwenye mrengo wa kihafidhina, ni marefu mno, na yanamchosha msomaji aliye mbali na siasa za Marekani. Kiingereza chake ni kigumu, ingawa hakina mbwembwe. Utangulizi ndiko mabishano hayo yalikojaa, kwa hiyo ningemshauri msomaji mgeni auruke kwanza na kuanza na jipu la jicho.