Uzoefu wangu: gari la nyaya la Skyway Monte Bianco, Valle d'Aosta, Italia

Nyota nne kati ya tano. Ya tano iko mikononi mwa mawingu.

Kituo cha chini kiko Pontal d'Entrèves, jirani na Courmayeur, mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Unapanda hadi Pavillon, mita 2,173, unabadilisha gari, kisha unafika Punta Helbronner, mita 3,466. Ukiondoa foleni, yote haifiki nusu saa, na hapo ndipo penye shida. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanajua kwamba Horombo, mita 3,720, hufikiwa siku ya pili, na bado vichwa huuma. Huku mwili haupewi nafasi ya kuzoea: unapanda ngazi chache tu unaanza kuhema. Teremka Pavillon, kaa dakika 40 hivi, kunywa maji, ndipo uendelee. Kiangazi kuna bustani ya mimea ya milimani, Saussurea, kwa hiyo hutachoka kusubiri.

Tiketi ya kwenda na kurudi hadi juu inazidi yuro 50. Usiinunue kabla ya kutazama kamera za mlimani mtandaoni asubuhi hiyohiyo. Jua la kiangazi likishapasha mabonde, hewa yenye unyevu hupanda, ikapoa, ikawa mawingu. Saa saba mchana Monte Bianco (mlima Mont Blanc wa Alps) inaweza kuwa imefunikwa gubigubi. Panda gari la mwanzo. Usigombanie dirisha, maana gari lenyewe huzunguka polepole na kila mtu hupata zamu yake. Upepo ukizidi, sehemu ya juu hufungwa.

Hata Julai beba koti zito, glavu na miwani ya jua. Mwanga unaorudishwa na theluji huumiza macho. Usivuke uzio kwenda kwenye barafu bila kamba na mwongozaji. Nyufa zake hufunikwa na theluji laini isiyobeba uzito wa mtu.

Ukishuka, pitia makumbusho ya waongoza milima pale Courmayeur. César Ollier na Joseph Brocherel, wa mji huuhuu, ndio waliofika Batian, kilele cha juu zaidi cha Mlima Kenya, pamoja na Mwingereza Halford Mackinder mwaka 1899. Mwaka 1906 wakawa Ruwenzori na Duke wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, ambaye makumbusho yamepewa jina lake.

Kutoka mji wa Aosta panda basi, saa moja hivi; treni ya kwenda Pré-Saint-Didier, karibu na Courmayeur, ilisimama mwaka 2015. Mji wa Aosta Warumi waliujenga mwaka 25 KK baada ya kuwashinda Wasalassi, wenyeji wa bonde hilo, na ukuta wa ukumbi wao wa maigizo bado umesimama, mita 22.

Chakula: agiza fonduta, jibini la Fontina lililoyeyushwa kwa maziwa na viini vya mayai. Iliyopikwa vizuri huteleza kwenye kijiko. Ukiona imefanya nyuzi na mafuta yanaelea juu, imechemshwa; irudishe jikoni.