Rizista ya feni za mbele kwenye Mercedes W124: ya bei nafuu iliyonifaa ni hii

Gari langu ni Mercedes W124, 200 E ya mwaka 1991, na natoka nalo Tabata kwenda Posta, hapa Dar es Salaam, kila siku ya kazi. Januari mwaka jana AC ilianza kunisumbua. Gari likiwa linatembea inapoza vizuri, nikikwama kwenye foleni ya Buguruni inapuliza joto tupu. Mshale wa joto la injini ulikuwa mahali pake, kwa hiyo nikaamini gesi imepungua. Nikajaza gesi, hela ikaenda bure.

Kumbe ni zile feni mbili za umeme zilizo mbele ya kondensa, ile kama rejeta inayopoza gesi ya AC. Zina mwendo wa aina mbili. Presha ya gesi ya AC ikipanda, zinatakiwa zizunguke polepole, na umeme wake unapitia kwanza kwenye rizista, kifaa kinachopunguza umeme unaofika kwenye feni. Mwendo wa kasi unasubiri mpaka maji ya injini yafike kama nyuzi 107. Rizista ikikatika, mwendo wa polepole haupo tena, na gari likiwa limesimama kondensa haipati upepo wa kutosha. Fundi umeme alizipa feni umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, zikazunguka. Akapima rizista kwa mita: imekatika.

Mpya ya kuagiza niliambiwa laki mbili na ushee. Fundi akasema, "Bosi, tuunge tu moja kwa moja bila rizista, hutasumbuka tena." Nikakubali, na hilo ndilo ninalojuta. Kila AC ilipowaka feni zilinguruma kwa kasi yote, na wiki ya pili fyuzi iliyeyuka pamoja na kishikio chake. Njia ile ya umeme haikutengenezewa mzigo mkubwa hivyo. Tafadhali usikubali kufanyiwa hivi.

Baada ya hapo nikanunua ya mtumba pale Gerezani kwa 40,000. Ilidumu miezi miwili tu. Nayo ilikuwa ya zamani kama gari lenyewe.

Iliyonifaa niliipata kwenye duka la vifaa vya elektroniki Kariakoo: rizista mbili zenye ganda la alumini la rangi ya dhahabu, kila moja ohm 1 na wati 100. Zikiungwa sambamba zinakuwa ohm 0.5. Feni zangu zikiwa polepole zinavuta ampea 12 hivi, kwa hiyo joto lote ni wati 72, na kila rizista inabeba 36. Kwenye feni mita ilisoma volti 8, injini ikiwa inaunguruma. Zote mbili zilinigharimu 18,000, ukiongeza waya mnene na terminali haikufika 30,000.

Sasa hapa ndipo watu wanapoharibu. Wati 100 zilizoandikwa kwenye ganda ni za rizista iliyokazwa kwenye chuma kinachoweza kunyonya joto. Ukiining'iniza kwenye waya, au ukaifunga kwenye plastiki, itaungua mapema na inaweza kuyeyusha vilivyo jirani. Mimi nilizikaza kwenye kipande cha bati nene la alumini, nikapaka ile pasta nyeupe ya kupitisha joto, kisha bati likafungwa kwenye bodi mahali panapopata upepo wa feni. Tepu usitumie kabisa, inayeyuka.

Kabla ya kufunga, zungusha feni kwa mkono. Moja ya kwangu ilikuwa nzito kwa vumbi na beringi kavu, na feni nzito huvuta umeme mwingi. Naamini ndiyo iliyoua rizista ya kwanza, na pengine ile ya mtumba pia. Nilibadilisha beringi kwanza.

Mwaka na miezi minne sasa, AC inapoza hata foleni ikisimama nusu saa. Baada ya mvua za masika nilifungua kukagua: terminali moja ilikuwa na kutu kidogo na bolti moja imelegea. Nimeisafisha, nikapaka grisi, na bolti nimeiwekea washa ya springi.