Utabiri wa Ijumaa ya Cheltenham kwa pauni 12: uchambuzi mzuri, mkeka wa hovyo

Naanza na hesabu, maana ndiyo kila mtu ananiuliza. Ijumaa ya tarehe 14 Machi 2025, siku ya mwisho ya tamasha la mbio za farasi la Cheltenham huko Uingereza, siku ya mbio yake kubwa, Gold Cup, nilinunua kifurushi cha utabiri cha siku moja kwa pauni 12. Nikaweka madau ya jumla ya pauni 40 kwa kuwafuata wao. Zikarudi pauni 55. Ukitoa pauni 12 za kifurushi, nimebaki na pauni 3 juu. Lakini pauni 3 hizo hazielezi nilichokiona. Nusu ya huduma hii ni kazi ya watu wanaojua farasi kwelikweli. Nusu ya pili ingefaa kufutwa kabla haijauzwa kwa mtu mwingine.

Jina la kampuni silitaji. Anayefuata mbio hizi kwa Uingereza anajua zipo nyingi, na mtindo ni mmoja: unalipa, ujumbe unakuja kwenye simu asubuhi, mbio saba za siku zote zimepangwa kwa mfuatano. Wangu uliingia saa 3:10 asubuhi, nikiwa kwenye treni kutoka Birmingham. Nilikuwa na muda wa kuusoma mara mbili kabla ya kushuka stesheni ya Cheltenham Spa.

Juu kabisa, kwa herufi kubwa, waliweka "mkeka wa siku". Farasi wanne kwenye tiketi moja, wote lazima washinde. Chini yake ndipo ukaja uchambuzi wa kila mbio.

Nianze na uchambuzi, kwa sababu ndio uliostahili pesa yangu.

Kwenye mbio ya kwanza, Triumph Hurdle, ya farasi wa miaka minne wanaoruka viunzi, walimtaja Lulamba wa mkufunzi Nicky Henderson. Niliweka pauni 5 ashinde. Akashindwa kwa shingo tu, na aliyemshinda ni Poniros, farasi wa mkufunzi Willie Mullins ambaye hakuwa amewahi kushindana kwenye viunzi maishani mwake, bei 100/1, yaani pauni 1 inazaa faida ya pauni 100. Kwa sisi tuliozoea odi za desimali, hiyo ni 101. Nilikuwa nimesimama karibu na uzio, na farasi hao wawili walipokuwa wanaupanda mlima wa mwisho watu walionizunguka walikuwa wanaulizana huyo wa pembeni ni nani. Hapo siwalaumu watabiri hata kidogo. Lulamba alikimbia kama walivyosema atakimbia.

County Hurdle ilikuwa mbaya. Ni mbio ya uzito: farasi bora anabebeshwa mzigo mkubwa zaidi ili wote walingane, na wanajaa uwanjani hadi unashindwa kuzitofautisha rangi za nguo za wapandaji. Walitoa farasi wawili, nikaweka pauni 5 kwa kila mmoja, wote wakapotelea kundini. Kargese akashinda. Maelezo yao ya mbio hii yalikuwa mistari miwili tu, na nadhani walijua wanabahatisha.

Albert Bartlett ndiyo iliyonifanya niwaheshimu. Hii ni mbio ndefu ya viunzi, karibu maili tatu, kwa farasi ambao bado ni wageni kwenye kazi hiyo, wengi wao hawajawahi kupimwa umbali huo. Ujumbe ulisema: msiweke kitu hapa, hatuna la kusema. Ni nadra mtu uliyemlipa akuambie ubaki na hela yako mfukoni. Nilikaa bila dau, nikala, nikaangalia mbio kwa raha, na Jasmin De Vaux akashinda.

Kisha Gold Cup, saa 10 jioni. Maili tatu na furlong mbili na nusu, yaani zaidi ya kilomita 5, vizuizi vikubwa 22, na ule mlima mwishoni ambao farasi aliyechoka anaupanda kama anavuta toroli. Uwanja mzima ulikuwa unamtazama Galopin Des Champs, bingwa wa 2023 na 2024. Angeshinda tena angefikia tatu mfululizo, kama Arkle wa 1964 hadi 1966 na Best Mate wa 2002 hadi 2004. Bei yake ilikuwa ndogo mno. Kumwekea ni kuhatarisha kingi upate kidogo.

Watabiri wangu walimwacha. Walimtaja Inothewayurthinkin, wakatoa sababu tatu ambazo hata mtu asiyejua farasi angezielewa. Kwanza, alishashinda kwenye uwanja huohuo, mbio ya Kim Muir ya tamasha la 2024, kwa hiyo mlima ule haukuwa mgeni kwake. Pili, Februari kwenye uwanja wa Leopardstown, Ireland, alimaliza nyuma ya Galopin, lakini mwishoni alikuwa anakuja wakati wengine wanarudi nyuma, na Cheltenham ni ndefu kuliko Leopardstown. Tatu, na hii ndiyo niliyoisoma mara mbili: hakuwa kwenye orodha ya awali ya Gold Cup. Ili aingizwe dakika za mwisho ilibidi zilipwe pauni 25,000. Waliandika kwamba kambi ya farasi haitoi fedha hizo kama haijaona kitu nyumbani.

Wakashauri dau la pande mbili, na mimi nikaweka pauni 5 ashinde, pauni 5 aingie tatu bora. Nililiweka kwa mmoja wa wale wapokea madau wanaosimama na ubao wa taa pale uwanjani, akanipa 15/2, na nafasi, yaani kuingia tatu bora, kwa moja ya tano ya bei hiyo. Zilipobaki vizuizi viwili nilikuwa nimeishika tiketi hadi imelowa jasho. Mark Walsh, mpandaji wa Inothewayurthinkin, alikuwa ametulia juu ya farasi, hajamsukuma bado, na Galopin alikuwa tayari anasukumwa. Nilijua hapo. Alishinda kwa urefu wa farasi sita. Upande wa ushindi ulirudisha pauni 42 na nusu, upande wa nafasi 12 na nusu, na ndizo hizo pauni 55.

Sasa mkeka.

Rudi juu ya ujumbe, kwenye zile herufi kubwa. Mkeka wa siku ulikuwa na Lulamba, Dinoblue, Galopin Des Champs, na farasi mmoja wa mbio ya mwisho. Soma tena jina la tatu. Watu haohao walioandika aya nzima kueleza kwa nini Galopin anaweza kupigwa, walimweka kwenye tiketi ambayo haiwezi kulipa bila yeye kushinda. Nilipoigundua treni ilikuwa imeshaondoka stesheni ya New Street, Birmingham, nikampigia shemeji yangu aliyeko Leicester, ambaye amejiunga nao kwa wiki nzima.

"Shemeji, umesoma walichoandika kuhusu Gold Cup?"

"Sijafika huko. Nimeshaweka mkeka, pauni 20."

Na ndivyo watu wengi wanavyosoma. Kilicho juu na kikubwa ndicho kinachochezwa. Mimi niliuwekea pauni 5 ili niweze kuuandikia kwa haki, na ulichanika kwenye mbio ya kwanza kabisa, saa 7 na nusu mchana bado haijafika. Dinoblue alishinda baadaye, haikusaidia chochote.

Mbio za kuruka si mahali pa mkeka wa farasi wenye bei ndogo, na mtabiri wa kulipwa anajua hivyo kuliko mimi. Jumanne ya wiki ileile, kwenye Champion Hurdle, Constitution Hill alianguka, kisha State Man akaanguka kwenye kiunzi cha mwisho akiwa anaongoza, na Golden Ace akashinda kwa 25/1. Mwaka 2015 ilikuwa chungu zaidi. Farasi watatu wa Mullins, wakiongozwa na mpandaji Ruby Walsh, walishinda siku ya kwanza: Douvan, Un De Sceaux, Faugheen. Wa nne alikuwa Annie Power. Mikeka ya watu wasiohesabika ilikuwa imebaki na yeye tu, akawa mbele, akafika kiunzi cha mwisho, akaanguka. Farasi akiwa bora kuliko wenzake wote, bado lazima aruke.

Jioni kampuni ilituma muhtasari: "Gold Cup tumeipata!" Picha ya Inothewayurthinkin, na bei waliyodai kuitoa, ambayo asubuhi ile sikuiona kwenye kampuni yoyote ya kamari kati ya tatu nilizofungua. Ujumbe wa saa 3:10 haukuwa na bei hata moja. Utabiri usio na bei hauwezi kupimwa baadaye, kwa sababu farasi yuleyule ni ununuzi mzuri kwa 15/2 na ununuzi mbaya kwa 3/1. Kuhusu mkeka, hakuna neno. Na kama Galopin angeshinda, picha ingekuwa ya Galopin. Wameshika kamba mbili, na anayevutwa ni mteja.

Niliwaandikia Jumamosi. Niliuliza mambo mawili: kwa nini mkeka ulipingana na uchambuzi, na kama wana rekodi ya mikeka yao kwa wiki nzima. Walijibu haraka, hilo nawapa. Walisema mkeka ni wa burudani na hauhesabiwi kwenye matokeo. Basi waandike hivyo juu yake, kwa herufi zilezile kubwa.

Nawapa nyota 3 kati ya 5. Aliyeandika aya ya Gold Cup na mstari wa Albert Bartlett ningemlipa tena Machi ijayo, kwa sharti kila farasi awe na bei yake pembeni: chukua kwa hii au zaidi, ikishuka acha. Shemeji ameshajitoa. Nilipomtumia ile aya ya Gold Cup aisome hadi mwisho, alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza ilikuwa chini ya mkeka kwa mistari mingapi. Nilihesabu. Arobaini na moja.