ECM ya Akiba Chini ya Kitanda: Uzoefu Wangu na Motahomu ya Dizeli

Nianze na hukumu ili asiye na muda aondoke nayo. Kampuni iliyoniuzia ECM (kompyuta inayoongoza injini) iliyokarabatiwa kwa ajili ya injini yangu ya Cummins naipa nyota nne kati ya tano. ECM ya akiba ninayotembea nayo naiona ina faida kwa sharti moja tu: iwe imeshaprogramiwa kwa injini yako hiyo hiyo, na imeshawahi kuiendesha barabarani. Ikikosa hilo, umebeba uzito wa bure.

Gari lenyewe ni motahomu, yaani nyumba ya magurudumu, ya mwaka 2001, chesisi ya Freightliner, injini iko nyuma. Ni Cummins ISB ya lita 5.9, valvu 24, pampu ya dizeli ya Bosch VP44, na gia boksi ya Allison ya mfululizo wa 3000. Tunaishi Texas, na watoto wakifunga shule tunaelekea magharibi kwenye milima. Shemeji yangu, dereva wa malori kule Columbus, Ohio, hachoki kunichokoza kwamba ningetafuta ile 5.9 ya zamani ya valvu 12, isiyo na kompyuta hata moja, nilale usingizi. Ana hoja, lakini ya valvu 24 ndiyo niliyoipata kwa bei yangu.

Kiangazi kimoja injini ilianza kuzimika ikishapata moto. Haikohoi, haitoi moshi, inakata tu. Ukiipa nusu saa ipoe, inawaka na kutembea vizuri mpaka ichemke tena. Tabia hiyo ilikuwa inavumilika mjini. Ilipotukuta Utah, kwenye kile kipande cha I-70 kati ya Green River na Salina, kama maili 110 bila kituo hata kimoja cha mafuta, mke wangu alinitazama mara moja tu na nikaelewa kwamba suala hili haliahirishiki tena.

Karakana ya kwanza niliyofika ilitaka kunibadilishia VP44. Hawakuchomeka hata mita. Kwa injini hii pampu hiyo ndiyo mshukiwa wa kila mtu, na ni kweli inakufa, hasa ile pampu ndogo ya kusukuma mafuta ikidhoofika, maana VP44 inapozwa na dizeli inayopita ndani yake. Ila kifaa cha bei ile hakibadilishwi kwa kubahatisha. Nikampigia shemeji.

"Shem, tulia kwanza," akaniambia. "Usinunue pampu, usinunue ECM. Nisomee volti."

Basi tukaanza kupima, yeye kwenye simu, mimi nimepiga magoti chumbani. Kwenye gari hili unanyanyua kitanda, unafungua kifuniko cha sakafu, injini hiyo hapo chini yako. ECM imefungwa ubavuni mwa injini, na soketi yake ya pini 50 imeshikwa na bolti moja katikati, ya kufunguliwa kwa eleni ya milimita 4.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wananunua ECM wakati ugonjwa uko kwenye waya. Kompyuta hii inalishwa moja kwa moja na betri kupitia fyuzi yake, hata swichi ikiwa imefungwa. Waya wa swichi kazi yake ni kuiamsha. Kwa hiyo kuna volti za aina mbili za kutafuta, na eathi. Eathi haipimwi kwa macho. Unaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye eathi ya ECM, halafu mtu anapiga stata. Namba inatakiwa iwe ndogo sana, sehemu ndogo ya volti moja. Yangu iliruka kupita nusu volti. Tukaufuata waya mpaka kwenye bolti ya chesisi iliyoota kutu ya kijani na nyeupe, nikaipiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga upya. Stata ikawa na nguvu ambayo sikuwahi kuisikia tangu ninunue gari. Kuzimika kukabaki pale pale.

Hatua iliyofuata ilikuwa volti 5. Sensa nyingi za injini zinalishwa volti hizo na ECM yenyewe, zikigawana mstari mmoja. Sensa moja ikipiga shoti, inaangusha volti za wenzake wote, mashine ya kusomea makosa inaonyesha kosa namba 352, na fundi mwenye haraka anatangaza kwamba kompyuta imekufa. Anaweka mpya, kosa linarudi lile lile. Dawa ni kuchomoa sensa moja moja ukiangalia kama volti zinapanda. Zangu zilikuwa sawa. Kisha nikatoa betri na kupima ukinzani kwenye soketi ya pini 9 ya kuchomekea mashine, kati ya pini C na D, ambako moduli zote, yaani kompyuta za gari, zinazungumza: omu 60, kama inavyotakiwa, kwa kuwa mstari huo una vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho. Ukisoma 120, ujue kimoja hakipo au waya umekatika.

Kilichobaki kilikuwa kusubiri ife mbele yetu. Nikaiendesha mpaka ikachemka, nikaegesha, ikakata. Ukifungua swichi kwenye injini hii, taa nyekundu na ya njano zinawaka kidogo na kuzima, kompyuta ikijipima. Safari hii hazikuwaka kabisa. Kwenye soketi ya ECM volti zipo, eathi safi. Mashine ya kusomea ikaipata Allison na kuzungumza nayo vizuri, lakini injini haikuitika. Umeme unaingia, mstari wa mawasiliano uko hai, ila kompyuta iko kimya, ikipoa inafufuka. Shemeji akasema, "Haya, sasa nunua."

Boksi jipya la ECM ya kizazi hiki si la kulitafuta ukalipata kirahisi, kwa hiyo nikaenda kwa kampuni inayokarabati. Kilichonivutia ni maswali yao. Kabla ya kutaja bei walitaka namba ya serio ya injini, namba ya CPL (orodha ya spea zilizoundia injini) iliyo kwenye kibati cha injini, na picha ya lebo ya ECM yenyewe, ambayo ina kodi ya programu iliyomo. Halafu wakauliza aina ya gia boksi, kama nina breki ya ekzosi, uwiano wa difu na saizi ya tairi. Muuzaji asiyekuuliza haya anakuuzia kopo. ECM mbili zinazofanana kwa sura na namba ya spea zinaweza kuwa na programu za nguvu tofauti kabisa, moja ya motahomu, nyingine ya lori la kusambaza mizigo, na ile ya lori haijui kwamba wewe una vitufe vya kruzi kwenye usukani.

Bei ilikuwa karibu dola 1,500 pamoja na usafirishaji, na juu yake amana ambayo unarudishiwa ukiwapelekea lile bovu. Waranti mwaka mmoja. Ilifika imefungwa vizuri, ndani ya mfuko wa kuzuia umeme tuli, na karatasi yenye mipangilio yote iliyowekwa. Karatasi hiyo kwangu ina thamani karibu sawa na boksi.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja, na nusu yake ni kuhamisha magodoro. Betri zinatolewa kwanza, zote, pamoja na za upande wa nyumba. Soketi inafunguliwa taratibu, pini zinaangaliwa kwa tochi kama kuna iliyopinda au yenye rangi ya kijani, bolti inarudishwa kwa mkono mwepesi maana ikilazimishwa uzi unakatika. Nilipofungua swichi taa mbili zikawaka na kuzima. Stata, ikawaka. Jua la Texas la mchana halijaizima mpaka leo.

Nyota ya tano niliiondoa kwa ajili ya spidi. Saizi ya tairi niliyowapa haikuwa ndiyo iliyowekwa. Kwenye ile karatasi yao wenyewe imeandikwa nyingine. Kruzi ilikuwa inashika spidi tofauti na ile ya GPS. Walikubali kosa, lakini ufumbuzi wao ulikuwa niwarudishie boksi kwa posta, jambo ambalo kwa mtu aliyeegesha nyumba yake uwanjani ni utani. Nikamwita fundi anayetembea na kompyuta yenye INSITE, programu ya Cummins, akarekebisha pale pale kwa muda mfupi kuliko niliotumia kumtengenezea chai. Malipo yake walinirudishia nilipowatumia risiti, ila ilibidi nikumbushe.

Sasa akiba. Lile bovu sikulirudisha. Niliiacha amana ipotee, nikalipeleka kutengenezwa, na likarudi na programu yake ile ile ya asili. Kisha nikalifunga kwenye gari na kwenda nalo safari nzima, kwenda na kurudi, kwenye joto, ndipo nikalitoa na kuliweka akiba. Hilo ndilo watu wanaruka. Pale Quartzsite, Arizona, ambako motahomu zinajaa jangwani kila Januari, nimekutana na zaidi ya mmoja aliyebeba ECM ya skrepa aliyoinunua kwa bei nzuri, haijaprogramiwa, haijajaribiwa, na anaamini amekata bima. Siku itakapohitajika atakuwa kando ya barabara na maboksi mawili yasiyowasha injini.

Langu linakaa ndani ya nyumba, chini ya kitanda, kwenye mfuko wake na sponji, soketi imezibwa. Haliwekwi kwenye masanduku ya nje ambako maji na mtikisiko vinafika. Pembeni yake kuna eleni ya milimita 4, fyuzi na rilei, kizuizi kimoja cha omu 120, mita, na nakala ya ile karatasi. Faili la mipangilio liko pia kwenye simu na kwa shemeji. Na kuna pampu ndogo ya mafuta, mpya. Ukiniambia nichague kimoja kati ya pampu hiyo na ECM, kwa injini yenye VP44 nachukua pampu bila kufikiri, halafu nafunga geji ya presha ya mafuta mbele ya dereva.

Moduli ya Allison sibebi. Nayo inahitaji programu inayolingana na gia boksi yako, na ikibadilishwa gia zinahitaji kujifunza upya. Jifunze tu kubonyeza mishale miwili ya kuchagulia gia kwa pamoja: mara ya kwanza inakuonyesha kiwango cha oili, ukirudia inakupa makosa iliyoyahifadhi. Ni bure na hakuna mashine.

Wenye magari mapya zaidi msiinakili orodha yangu. Cummins za kuanzia 2010 zina urea, kimiminika cha kusafishia moshi, na kinachozilaza njiani mara nyingi ni sensa za huko, ambazo zikikosea injini inaweza kubanwa hatua kwa hatua mpaka maili 5 kwa saa. Mwaka 2021, chipu zilipoadimika, watu walikaa wiki nyingi wakisubiri sensa ya tangi la urea huku ECM zao zikiwa nzima kabisa. Kuna watakaojitolea kukuprogramia ECM isiyouliza habari za urea. Hapa Marekani ni kinyume cha Sheria ya Hewa Safi, na karakana inayojiheshimu haitaligusa gari lako tena. Na kama motahomu yako iko juu ya Mercedes Sprinter, ECM ya gari lingine haitawasha kitu, kwa kuwa imefungamana na mfumo wa kuzuia wizi na ufunguo.

Jambo la mwisho ni la siku ya kuuza. Saa na maili za injini zinaishi ndani ya ECM, kwa hiyo yangu sasa inasoma hadithi fupi kuliko dashibodi. Nimeweka picha za lebo zote mbili, risiti, na picha ya mita ya dashibodi ya siku niliyobadilisha, kwenye bahasha moja na hati za gari.